Nilivyochagua zana za bure za ku-code, na zilivyonisaidia kwenye kikundi cha mtindi cha dada yangu Kenyamonta

Wakuu heshima yenu. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Kila nikipita jukwaa hili la tech nakuta mtu ameuliza, "Nataka kujifunza ku-code mwenyewe, nitumie programu gani, sina hela ya kununua." Wanaomjibu wanaishia kutukanana. Huyu anatetea language yake, yule ya kwake, na muulizaji anakimbia bila jibu.

Leo najibu kwa kusimulia yaliyonikuta mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Anayetaka chai, yaani stori za kutunga, aende jukwaa la mapenzi, kule inachemka muda wote.

Niiteni Mwita. Ni Mkurya wa Kerende, huku Nyamongo, wilaya ya Tarime. IT sijasomea na chuo sijakanyaga. Nilimaliza form four, matokeo yakaja kama yalivyokuja, nikabaki nyumbani nalima na tata (baba yangu) huku nasoma code kwenye simu.

Vijana wenzangu wengi walikuwa mashimoni kutafuta dhahabu pamoja na wageni kutoka Geita, Shinyanga na kwingine. Mimi niliingia shimoni mara moja tu, nikatoka mbio, sikurudi tena. Nasema ukweli, uoga wangu ndio ulionifanya programmer.

Sasa ku-code kwenye simu ni mateso. Keyboard ikifunguka inafunika nusu ya kioo, ukitafuta mabano umeshasahau ulichokuwa unaandika. Nikahitaji laptop.

Hapa naomba niwaeleze kidogo wasiojua mila zetu. Kwetu dada akiolewa, ng'ombe wa mahari yake ndio kaka yake anakuja kuolea. Kwa hiyo dada ana sauti kwenye ndoa ya kaka, na huwezi kumdharau hata ukiwa na ndevu mpaka kifuani. Dada yangu anaitwa Bhoke, ameolewa Kenyamonta, wilaya ya Serengeti. Ng'ombe wake walikuwa zizini kwetu wakinisubiri mimi nioe.

Nikamfuata tata, nikamwomba tumpeleke mtamba mmoja mnadani nipate laptop.

Tata hakugomba. Alisema tu, "Hawa si wangu wala si wako. Ni wa Bhoke. Muulize mwenyewe."

Nikampigia dada. Nikamweleza laptop ni ya nini. Kisha akasema, "Uzeni yule mwekundu. Lakini mura (kijana), ukiniaibisha utanijua."

Mtamba akauzwa, laptop ya mtumba ikanunuliwa. Kijijini wakasema Mwita kaoa kompyuta. Nikipita na begi wananiuliza, "Shemeji hajambo humo ndani?" Nacheka nao, lakini moyoni najua nimebeba ng'ombe wa dada yangu mgongoni.

Haya, tuje kwenye zana.

Kosa langu la kwanza ni kumsikiliza jamaa mmoja wa video mtandaoni. Anatumia programu kubwa ya kulipia, ina rangi nzuri, inakumalizia sentensi kabla hujafikiri. Kununua sikuweza, nikapakua ile iliyovunjwa, yaani crack. Wakuu, ile crack ilikuja na wageni wake. Siku chache mbele laptop ikawa nzito, mafaili yakajifunga, kila nilichokuwa nimeandika kikapotea. Nililia. Mwanaume mzima wa Kikurya nimekaa nyuma ya ghala la mahindi nalia kwa sababu ya mafaili.

Aliyeniokoa ni fundi simu mmoja pale Nyamongo, kijana wa Geita aliyekuja kutafuta dhahabu akaishia kutafuta vioo vilivyopasuka. Alifuta kila kitu akaniwekea Linux. Akaniambia, "Hii ni ya bure kwa halali, hakuna mtu atakuja kukudai wala kukuwekea mdudu."

Ila nilikuwa na tatizo. Mimi nipo Linux, lakini kompyuta yoyote nitakayoazima huku, ya stationery au ya ofisi ya kata, ni Windows. Na watu nitakaowatengenezea kitu wana simu, tena za kila aina. Nikajifunza swali moja ambalo mpaka leo naliuliza kabla ya ku-install chochote: nikihama mashine, hiki kitu kitahama na mimi?

Kuna zana nyingi nzuri zilianguka kwenye swali hilo. Nyingine inafanya kazi Windows tu. Nyingine ni ya bure mpaka utakapotaka kuuza kazi yako. Nyingine ni ya bure kabisa, inakubali kila mashine, lakini kuipakua unamaliza bando la mwezi na ukiifungua laptop yangu ya RAM 4GB inapumua kama inapanda mlima.

Nikabaki na hivi. Python kama language. Geany ya kuandikia, ni nyepesi na haina mbwembwe. SQLite ya kutunzia data, kwa sababu ni faili moja tu unaliweka kwenye flash unaondoka nalo. Git ya kutunza code yangu ili hata laptop ikifa kazi ipo mtandaoni. Na vitu vyangu nikaamua nitengeneze kama ukurasa wa kufungua kwenye browser, kwa sababu browser kila mtu anayo, hata mwenye simu iliyofungwa kwa mpira.

Zote ni bure kwa halali, zote zinakubali Windows na Linux. Nikazipakua installer za pande zote mbili kwa Wi-Fi ya fundi, nikaziweka kwenye flash moja. Fundi akanicheka, eti natembea na duka. Nikamwambia mwenye njaa habebi sahani tu, anabeba na unga.

(Wazee wa language war, najua mmeshaanza kuandika. Subirini kidogo, uzi haujaisha.)

Nikaendelea kujifunza, natengeneza vitu vidogo vidogo. Siku moja Bhoke akapiga simu. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

Dada ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama pale Kenyamonta. Wanakusanya maziwa asubuhi, wanachemsha pamoja kwenye sufuria kubwa, yakipoa wanaweka mtindi kidogo wa kugandishia, kesho yake wanauza. Sasa mtindi ulikuwa umeanza kugoma. Wanakuta maziwa yametengana, mara yamebaki majimaji, mara yananuka, na sufuria nzima inamwagwa. Maneno yakaanza. Wengine wanasema kuna mtu anatia maji, wengine wanasema kuna mtu ana jicho baya. Mama mmoja anaitwa Mama Ghati, mwenye mdomo kuliko wote, akasema wazi kikundi kimeharibika tangu Bhoke awe mwenyekiti, kwa hiyo aondoke, na kama haondoki kila mtu achukue dumu lake aende nyumbani kwake.

Dada yangu ndiye aliyekijenga kile kikundi. Aliniambia, "Mwita, wakiniondoa hivi, hapa nitaishi vipi? Nitaitwa mchawi mpaka nazeeka."

Akaniambia pia kwamba alikwenda kumuuliza mchoma sindano wa mifugo wa pale, ambaye wote wanamwita Daktari. Daktari akamweleza: ng'ombe akichomwa dawa za kuua vijidudu, maziwa yake yasichanganywe na mengine kwa siku kadhaa, kwa sababu ile dawa inaua hata vile vijidudu vinavyogandisha mtindi. Dumu moja linaharibu sufuria nzima.

Nikasema, kumbe! Hii ni kazi yangu.

Nikakaa na Geany yangu, nikatengeneza ukurasa. Kila mama asubuhi anafungua kwenye simu, anajibu swali moja: ng'ombe wako amechomwa sindano? Ndiyo, hapana. Nikaupandisha kwenye seva ya bure, nikamtumia dada link.

Nilikuwa nimeweka na swali la "Una ng'ombe wangapi?" kwa sababu tu mifano yote niliyojifunzia inaanza na jumla. Bhoke akanipigia saa hiyo hiyo. "Nani amekutuma kutuhesabia ng'ombe? Unataka tufiwe?" Nikakumbuka kwetu kuhesabu ng'ombe ni mkosi, hata tata hajawahi kumjibu mtu swali hilo maisha yake yote. Nikalitoa haraka, nikaweka rangi ya ng'ombe badala ya idadi.

Akina mama wakaanza kutumia. Wasio na simu kubwa wakawa wanajibu kwenye simu ya Bhoke. Wote wanabonyeza hapana, hapana, hapana. Nikawa nafurahi Kerende naangalia data inaingia.

Mtindi ukaharibika tena.

Na sasa ikawa mbaya kuliko mwanzo. Mama Ghati akasema, "Hata kompyuta ya mdogo wake inasema maziwa ni mazima. Kwa hiyo kuna mkono wa mtu." Ukaitishwa mkutano wa kumuondoa dada. Kile kitu nilichotengeneza kumuokoa ndicho kikawa ushahidi wa kumfunga.

Nikapanda bodaboda na begi langu, nikaenda Kenyamonta siku moja kabla ya mkutano. Mvua ilitunyeshea njia nzima.

Shemeji yangu Marwa, mume wa dada, akanipokea vizuri. Ana stationery ndogo pale senta. Jioni ile tukatembea mpaka kwa jirani yake, tukamkuta Daktari anamchoma sindano ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba. Akamaliza, akamwambia mwenye boma, "Maziwa yake yasiende kwenye kikundi mpaka nirudi." Mwenye boma akasema sawa. Mke wake alikuwa hatua chache tu pale, anaosha dumu. Hakuna aliyemwambia kitu.

Tukaagana tukaondoka. Na mimi nikaondoka! Tulikuwa tumeshafika barabarani ndipo nikasimama kama nimepigwa kofi.

Nikamuuliza shemeji, "Yule mama ataambiwa?"

Marwa akanishangaa. "Aambiwe nini?"

"Kwamba ng'ombe amechomwa."

"Mambo ya sindano ni ya mwenye boma. Yeye akamue tu."

Wakuu, wala hakuwa anajibu kwa ubaya. Ndivyo tulivyo. Hata kwetu Kerende, ng'ombe akiugua tata anamwita mtu, wanaongea wanaume, sindano inachomwa, na mama anakuja asubuhi na kibuyu chake anakamua. Nimelala na kuamka ndani ya utaratibu huo maisha yangu yote, ndiyo maana sikuuona. Nilienda kuwauliza akina mama swali ambalo jibu lake lipo kwa wanaume. Wale mama hawakudanganya hata mara moja. Walikuwa hawajui.

Na anayejua yote, boma kwa boma, ni mtu mmoja: Daktari.

Nikarudi mbio kumtafuta nikamweleza. Akasema, "Mimi nimekuwa nikisema kila siku. Nawaambia wenye ng'ombe." Nikamwambia sasa utaiambia simu yako. Wewe unachoma, unaandika boma la nani na ng'ombe wa rangi gani. Asubuhi anayepokea maziwa anaona. Akakubali, alikuwa amechoka kulaumiwa kwamba dawa zake ni feki.

Nikafungua begi nibadilishe code. Laptop haiwaki.

Mvua ilikuwa imeingia. Nikafuta, nikapuliza, nikaiweka karibu na jiko, kimya. Mkutano ni kesho asubuhi. Bhoke alikuja akanikuta nimeishika kama mtoto mgonjwa, akaniangalia, akarudi jikoni. Afadhali angenitukana.

Ndipo akili ikarudi. Nikamwambia shemeji twende dukani kwako.

Kompyuta yake ni ya mezani, Windows, inatumika kuchapa barua na kupunguza picha za passport. Nikachomeka flash. Python ikaingia. Geany ikaingia. Git ikaingia. Nikaivuta code yangu kutoka mtandaoni kwa bando la simu, ikafunguka vile vile nilivyoiacha Kerende, herufi kwa herufi. Hakuna leseni iliyoniuliza mimi ni nani wala nimetoka mashine gani. Nilicheka peke yangu mpaka Marwa akauliza kama niko sawa.

Ningekuwa bado na ile programu ya yule jamaa wa video, story ingeishia hapo.

Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Swali likatoka kwa akina mama likaenda kwa Daktari, na anayepokea maziwa akawekewa rangi mbili: kijani pita, nyekundu subiri. Daktari akakaa kwenye benchi la duka, akaingiza kwenye simu yake sindano zote alizochoma siku za karibuni. Simu yake ni ya zamani, kioo kina nyufa, lakini browser ni browser. Mimi sikuangalia anaandika maboma ya nani, nilikuwa nahangaika na kitufe kimoja kinachogoma.

Asubuhi akina mama wakaja pale senta na madumu yao, na nyuso za mkutano. Bhoke akawaambia tupokee maziwa kwanza, mengine yatafuata. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika simu.

Wa kwanza kijani. Wa pili kijani. Boma la yule jirani wa jana nyekundu, na mke wake akasema kwa mshangao, "Lini? Nani alimchoma?" Wenzake wakaanza kunong'ona. Mama Ghati akaweka dumu lake mezani kwa kishindo, anasubiri aone tutamfanya nini. Kijani. Akalisukuma dumu kando taratibu, safari hii bila kishindo.

Kisha Bhoke akaleta dumu lake mwenyewe.

Nyekundu. Boma la Marwa, ng'ombe mwenye tumbo jeupe.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, niliona kabla ya wengine. Nawaambia ukweli, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka niseme ni bug, mashine imekosea, tuendelee. Nani angejua? Ni mimi tu, Daktari na shemeji.

Dada hakunipa nafasi. Aliisoma kwa sauti, jina la mume wake na rangi ya ng'ombe wake, kila mtu akasikia. Akalishusha dumu mezani akaliweka chini miguuni pake.

"Ya kwangu leo hayaingii," akasema. "Na siku zile zingine pengine yalikuwa haya haya. Nilikuwa sijui."

Kisha akageuka kumtazama Marwa aliyekuwa mlangoni mwa duka lake. Aliyomwambia yalikuwa ya Kikurya na siyatafsiri, humu kuna watoto. Shemeji aliingia dukani akajifanya anatafuta karatasi.

Watu walisogea karibu. Nilikuwa najua sasa watamkamata, maana kiongozi amejitaja mwenyewe. Mama Ghati ndiye aliyeongea kwanza. Alisema, "Mtu aliyejitoa mwenyewe mbele ya watu, mimi simtoi. Pimeni maziwa tuchemshe."

Mkutano ukaishia hapo.

Kesho yake sufuria ilifunuliwa na mtindi umeganda, kijiko kinasimama. Nilipewa kikombe cha kwanza, nikanywa mpaka nikapata masharubu meupe. Bhoke alikuwa anacheka, ananitambulisha kwa kila anayepita, "Huyu ni kaka yangu, ndiye ametengeneza." Wakuu, nimewahi kufurahi maishani, lakini si hivyo.

Kikundi kipo mpaka leo. Nyekundu inatokea, leo kwa huyu kesho kwa yule, na haina tena ugomvi. Mwenye nyekundu anarudi na dumu lake, watoto wake wanakunywa chai ya rangi siku hizo, maisha yanaendelea. Laptop yangu fundi aliifufua. Kikundi cha kata nyingine wameniita niwawekee na wao.

Niliyojifunza, kwa mdogo wangu anayeanza leo: usichague zana kwa sababu mtu wa video anaonekana mjanja akiitumia. Chagua ambayo ni yako kwa halali, nyepesi kwa mashine uliyo nayo, na inayokubali kuhama na wewe mashine ikifa, maana itakufa siku mbaya kuliko zote. Na kabla hujaandika mstari mmoja, nenda ukakae na watu uone nani anajua nini. Hilo hakuna editor itakuonyesha.

Sasa uwanja ni wenu. Daktari anataka aweze kuandika hata akiwa porini pasipo na network, halafu ijitume yenyewe akifika senta. Mwenye uzoefu na hilo kwa zana za bure anipe mwongozo. Wageni wa code ulizeni, nitajibu kadiri bando litakavyoruhusu. Na mnaotaka kunitukania Python yangu karibuni pia, kwetu matusi ni salamu.

Ila kwa wanaume wenzangu mnaofuga: ng'ombe akichomwa sindano leo, mwambie anayekamua. Hiyo haihitaji app.